Chumba cha Mbele cha Siwema

Hapo zamani, enzi ambazo nyumba ilinunuliwa kwa maneno mbele ya mashahidi wawili, aliishi mfinyanzi mmoja jina lake Siwema. Miaka kumi na saba alikaa vyumba vya kupanga. Alihama kwa mwenye nyumba mlevi, akahama kwa mwenye nyumba bahili wa maji, akahama tena. Kila alipohama, vyungu vilivunjika njiani. Akaapa kwamba atakapohama tena, itakuwa mara ya mwisho.

Basi Mzee Ngaluma, aliyefiwa na mkewe, akatangaza kuuza nyumba yake ya matofali ya udongo. Ilikuwa na ua mpana wa kuchomea vyungu, na chumba cha mbele chenye mlango wa kutokea barabarani. Siwema aliingia mara moja tu, akaipenda. Na kwa kuwa aliipenda, hakuyaamini macho yake kuikagua. Akasema mbele ya watu, "Atakayeniepusha na nyumba mbovu, chumba cha mbele ni chake. Atafanyia shughuli zake humo bila kodi, maisha yake yote."

Akaja Fundi Lubuva, mwashi. Yeye hakutazama kuta, alizibishia hodi. Aligonga kwa mpini wa mwiko, akatega sikio. Ukuta wa kwanza ukajibu kavu. Wa pili ukajibu kavu. Wa tatu ukajibu kavu. Wa nne, wa chumba cha kulala, ulikuwa mweupe kuliko yote, na ulijibu kama gunia.

"Mzee," fundi akauliza, "nani hupaka chokaa ukuta mmoja? Ndiko kunawa shavu moja huko."

"Chokaa iliniishia," mzee akasema.

Fundi akaubonyeza ukuta kwa kidole. Kikazama mpaka kwenye pingili, kikatoka na tope. "Dada Siwema, ukuta huu umelowa kutoka chini. Masika ijayo utakuangukia kitandani. Tafuta nyumba nyingine."

Siwema akaenda uani, akakaa chini. Nyumba nyingine aliyoweza kuinunua haikuwepo. Alikuwa anajiuliza kama alie sasa au asubiri afike kwake, aliposikia sauti ng'ambo ya ua wa mabua.

"Wee jirani mtarajiwa, usilie. Njoo huku uone aibu yangu."

Alikuwa Bi Mashavu, muuza maandazi. Bafu lake lilipakana na ukuta ule. Maji ya kuoga yalipita chini ya jiwe, yakaishia kwenye msingi wa Mzee Ngaluma.

"Tangu lini?" Siwema akauliza.

"Miaka sita. Mimi na wanangu watano, mara mbili kwa siku. Sisi wasafi mno."

"Na ukanyamaza?"

"Kuhamisha bafu ni kazi, mama. Lakini nimekuona ulivyokaa pale chini, nikashindwa kukanda unga."

Siku ileile Bi Mashavu akalibomoa bafu lake, akachimba mfereji wa kupeleka maji kwenye migomba yake.

Maji yakakoma, lakini ukuta ulikuwa umeshaoza. Kesho yake akaja mchuuzi wa ngozi. "Mzee, nyumba naichukua leo. Sina haja ya kukagua, mimi naweka ngozi tu."

Siwema alikuwa amesimama mlangoni. Mzee Ngaluma akautazama ukuta wake mweupe.

"Nenda salama," akamwambia mchuuzi. "Nyumba hii ina mtu." Kisha akamgeukia Siwema. "Chokaa haikuniishia, mwanangu. Nilipaka ili usione. Nipe wiki tatu."

Akaubomoa ukuta kwa mikono yake, akaweka msingi wa mawe, akajenga upya. Fundi Lubuva akaja kugonga. Ukuta ukajibu kavu. Siwema akanunua.

Siku ya kuingia alipika kuku wawili, akawaita wote watatu. Walikula, wakataniana. Mifupa ilipobaki sahanini, maneno yakaanza.

"Chumba cha mbele nitaweka vifaa vyangu," alisema Lubuva. "Bila mimi, dada, ungenunua tope."

"Wewe si ulimwambia akimbie?" akadakia Bi Mashavu. "Angekusikiliza, mpaka leo angekuwa anapanga. Bila mimi, hata ukuta mpya ungeoza. Maandazi yangu yanataka mlango wa barabarani."

"Na maji yalikuwa ya nani?"

"Yangu! Ndiyo maana niliyajua yanakotoka."

Wakacheka, Siwema naye akacheka.

"Fundi aliona, jirani akasema," alisema Mzee Ngaluma. "Aliyejenga ni nani? Bila mimi, humu mngekuta ngozi. Nataka niuze tumbaku pale mbele, nisiuhame mtaa nilioishi na mke wangu."

"Wewe uliyepaka chokaa?" fundi akauliza.

"Mimi. Na mimi ndiye niliyeubomoa ukuta."

Siwema aliegemea ukuta wake mpya. Kila aliyesema, aliona amesema kweli. Angemkosa mmoja wao, asingekuwa na mahali pa kuegemea. Lakini ahadi yake ilikuwa ya mtu mmoja, na chumba kina mlango mmoja. Akainuka, akachukua ufunguo. Wageni wake watatu wakatulia mkekani, wakimtazama. Hakuna aliyenuna, wala hakuna aliyeaga.

Nanyi mliokaa kusikiliza, msinitazame mimi. Yuko fundi aliyegundua, akasema mama akimbie. Yuko jirani aliyekiri, na maji yalikuwa yake. Yuko mzee aliyejenga upya kile alichokificha. Je, ufunguo ungekuwa mkononi mwenu, mngemkabidhi nani?