Ndovu Barazani kwa Mtemi Ngassa

Zamani za zamani, wajukuu, jua lilipokuwa bado linauliza njia ya kwao, palikuwa na kijiji cha warina asali. Eti nilikuwapo? Nyamaza, Mahona, sijazeeka kiasi hicho!

Kijiji kile kilikuwa na desturi moja: kweli ni kile kilichoonwa na macho mengi. Ukiona peke yako, una pepo, unatolewa nje ya boma ukaishi na fisi.

Sasa, mjane mmoja, Kalunde, akafiwa na mwanawe Shija. Ikawa kila asubuhi anamwona Shija ameketi kwenye kigoda chake, anatabasamu. Akasimulia kisimani. Loo! Mdomo huponza kichwa. Akaitwa barazani, maskini, na waliotolewa walikuwa hawarudi.

"Unamwona?" akauliza Mtemi Ngassa.

"Namwona, Mtemi."

"Nani mwingine anamwona?"

Mtemi akazungusha macho baraza zima.

"Basi ana pepo. Atoke!"

Ikapitishwa wanzuki, pombe yao ya asali, maana hukumu haikufungwa bila kunywa. Lakini msimu ule nyuki walikuwa wamefyonza maua mageni ya bondeni, na hakuna aliyejua kwamba asali yake inachezea macho. Wakanywa, wakanywa. Mara: "Ndovu! Ndovu barazani!" Huyu anaona ndovu, yule anaona ndovu. Mtemi kapanda juu ya ghala! Mimi nikifika hapa huchanganyikiwa, wajukuu. Macho yote yalimwona. Kwa desturi yao, ndovu yupo. Au hayupo?

Palikuwa na bibi, Milembe, mpenda maswali hata watu wakimkwepa njiani. Naye alikuwa amekunywa.

"Mtemi, hata mimi namwona, na pembe zake. Ila mbona mbuzi wako amelala palepale miguuni pake, anacheua?"

Wakamtazama ndovu. Wakamtazama mbuzi. Mbuzi akacheua.

"Basi kuona ni nini?" Mtemi akalia kule juu. "Na wewe Milembe, nakuona kweli?"

"Hata mimi najiuliza. Shuka unishike mkono."

Akashuka, akamshika, akatulia kidogo. Kisha akamgeukia Kalunde. "Mama, nawe umewahi kumshika mwanao?"

Kalunde akaangua kilio. "Siku ya kwanza tu, Mtemi. Mkono ukapita mpaka kwenye kigoda. Mimi nilisema namwona. Sikusema yupo. Hamkuniuliza."

Aibu iliwashika wote. Kalunde akarudi kwake, na tangu siku ile baraza halikukaa bila mbuzi.

Kwa hiyo wajukuu, mwenzenu akisema ameona, msikimbilie kumwita mkweli wala mwendawazimu. Muulizeni kwanza. Na kigoda? Kalunde hakukiondoa. Kila asubuhi alikifuta vumbi, akimwona Shija bado, akijua hayupo.

Kisa changu kimelala hapo. Atakayekiona kimesimama, akishike kwanza.