Walimu Watatu na Sikio la Mtoto wa Zamaradi

Haya, nani kafunga mdomo na nani kafungua masikio? Kama mmefungua nyote, nashusha. Ila mkinikatiza nakunywa chai yangu naondoka, mtabaki na nusu.

Palikuwa na chuo cha wauguzi, sikitaji kwa jina maana mdomo huu ushaniletea kesi za kutosha. Chuo kile kinafundisha watu ambao tayari ni wauguzi. Mtu ana kazi yake, ana gauni lake jeupe, anarudi shule kutafuta digrii ya pili, hiyo wanayoiita masta. Sasa jiulize, anayemfundisha mtu wa namna hiyo awe nani? Walikuwepo watatu, wote wanawake, na kila mmoja alijiona yeye ndiye chuo, wale wengine ni kuta na mabati.

Wa kwanza Bi Nuruana. Huyu alianza kwa kupiga deki wodini. Kapiga deki mpaka akajua mlio wa kila kitanda, ndipo akasomea uuguzi, akasomea ukunga, akapelekwa zahanati ya porini ambako taa ni kandili na daktari unamsikia kwa jina tu. Masta yake kaichukua mvi zimeshatoka. Kufundisha kwake ni mikono. Alikuwa na tumbo la kitambaa, kalishona mwenyewe, kalijaza pamba na mipira, anakufunga khanga machoni anakwambia shika, sema mtoto kalalaje. Ukikosea anakuchapa kikofi kidogo kiganjani. "Mkono wako umelala," anasema, "uamshe."

Wa pili Daktari Kokushubira. Si daktari wa sindano, huyu daktari wa vitabu. Kasoma hapa, kasoma Ulaya kwenye baridi, karudi na masanduku ya vitabu na koti moja zito ambalo huku kwetu halina kazi, linaning'inia tu. Kufundisha kwake ni kuuliza. Unamwambia mgonjwa ana homa, anakuuliza kwa nini. Unajibu, anauliza tena kwa nini. Jibu hakupi, ng'o. Wanafunzi wakambatiza Mama Kwanini, na wapo waliotoka mle darasani wanafuta machozi, watu wazima wana wajukuu.

Wa tatu Mwalimu Atuganile. Huyu kafanya kazi wodi ya wagonjwa wa akili mpaka akawaona kama ndugu zake. Na kabla ya hapo alishawahi kuvunjika nyonga, akalazwa muda mrefu, watu wanaongea juu ya kichwa chake kama vile yeye ni meza. Hakusahau. Kufundisha kwake anakulaza wewe mwanafunzi kitandani, mwenzako akuogeshe, akulishe uji kwa kijiko, na wewe marufuku kusema neno. Ukiinuka pale aibu ya mgonjwa unaijua. Halafu anakupeleka wodini ukae na mgonjwa. Kalamu hamna, simu hamna, sikiliza tu.

Sasa wivu. Jamani, wivu wa watu waliosoma mshawahi kuuona? Sisi huku tukioneana wivu ndoo zinaruka, mtaa mzima unajua. Wao wanachekeana. Bi Nuruana lile tumbo la kitambaa alilifungia kabatini kwa kufuli, eti panya, na chuo kile panya hajawahi kuonekana. Daktari Kokushubira akipita nje ya darasa la mwenzake anainama kufunga kamba za viatu, na viatu vyake vya kutumbukiza. Hahaa! Na Mwalimu Atuganile, mpole wa watu, yeye alikuwa anasikiliza wanafunzi wanamsalimia nani kwanza, anaweka moyoni, wiki nzima haongei.

Basi palikuwa na mwanafunzi anaitwa Sikitu, binti mtulivu, ana mwanya. Hakuwa na makuu, lakini anashika. Ikawa kila mwalimu anamwita "Sikitu wangu". Mtoto wa watu akawa na wenyewe watatu.

Siku hiyo Sikitu yuko wodi ya wazazi kwa mafunzo. Kuna mama kajifungua asubuhi, anaitwa Zamaradi, jirani yangu kabisa, mkwe wa Bi Mwanamkuu. Katoa kitoto cha kike, kizima, kinalia vizuri. Mchana wodi imejaa, wauguzi wanakimbizana. Muuguzi wa zamu kamtazama Zamaradi, kaona kajilaza, kasema huyu kachoka, mwacheni apumzike.

Sikitu akavuta kiti akakaa karibu naye. Hakuandika kitu, alisikiliza, kama alivyofundishwa na Mwalimu Atuganile. Zamaradi akasema kwa sauti ndogo, "Dada, nasikia baridi." Mchana ule, jua linachoma mabati! Akaomba maji. Akaomba tena maji. Halafu maneno yakaanza kupungua, moja sasa, jingine baada ya kitambo. Mtu mwingine angesema afadhali kanyamaza. Sikitu yeye ule unyamavu aliusikia.

Akamwita muuguzi wa zamu. Muuguzi akasema si nimekwambia ni uchovu, na kitambaa alichovaa angalia mwenyewe, damu ni ya kawaida tu. Na kweli kitambaa hakikuwa na neno. Hapo ndipo Sikitu akamsikia Daktari Kokushubira kichwani mwake kama kasimama pale. Kwa nini? Aliyechoka analala, kwa nini huyu anageuka geuka? Kwa nini kiu haikatiki? Kama anapoteza damu na haionekani nje, kwa nini haionekani? Kwa sababu imebaki ndani.

Akapeleka mkono tumboni. Hakuangalia hata, alifumba macho, kama vile Bi Nuruana kamfunga khanga. Kizazi cha mtu aliyetoka kujifungua kinatakiwa kiwe kigumu, ukikigusa unakiona kama nazi. Cha Zamaradi kilikuwa laini kama unga wa maandazi uliozidi maji, na kimepanda juu. Sikitu akakikanda, akakikanda, mabonge ya damu yakatoka, akaita watu kwa sauti ambayo hakuna aliyejua anayo. Sindano ikaja, daktari akaja, damu ya kuongezwa ikaja. Zamaradi akabaki na sisi. Mpaka leo anabisha bei ya dagaa sokoni kwa ile ile sauti yake.

Mngedhani imeisha. Ndiyo kwanza inaanza.

Bi Mwanamkuu katoka ukoo wenye desturi yake. Mtoto ambaye mama yake karudishwa kutoka mlangoni mwa kifo anapewa jina la aliyemrudisha. Na aliyepewa mtoto wa jina, siku ya kumtoa mtoto nje yeye ndiye anambeba, na tangu siku hiyo ni mtu wa nyumba ile. Harusi yake watakuja, msiba wake watakuja, akizeeka yule mtoto atamletea uji. Si jambo la mchezo. Bi Mwanamkuu akavaa, akaenda chuoni, akamwambia Sikitu mtoto achukue jina lako.

Sikitu akakataa. "Bibi, mimi nimefanya nilichofundishwa. Jina ni la aliyenifundisha."

"Basi nani huyo?"

Sikitu akaaga akarudi wodini. Na maneno yale yalikuwa yameshatoka, yakatembea kwenye korido yakaingia ofisi zote tatu.

Wiki ile Sikitu alitakiwa asimame mbele ya darasa aeleze habari ya mgonjwa wake. Walimu watatu wakaja wakakaa mbele kabisa. Sikitu akaeleza, akamaliza, akasema, "Namshukuru mwalimu wangu." Wote watatu wakatabasamu kwa pamoja. Halafu kila mmoja akageuka, akawaona wenzake nao wanatabasamu. Mie nimesimuliwa tu, ila nilicheka mpaka nikashika ukuta. Meno yalirudi ndani kama konokono.

Kuanzia hapo wakaanza kwenda kwa Zamaradi, mmoja mmoja, kwa kuibia. Bi Nuruana alikwenda akamkanda mzazi kwa maji ya moto, akamwogesha mtoto mpaka akalala na povu sikioni. Zamaradi akasema mwalimu, ni wewe. Daktari Kokushubira akaenda, akauliza unakula nini, unalalaje, kwa nini maziwa upande mmoja yanauma, na kwa kuuliza kule jipu likagunduliwa halijakomaa. Zamaradi akasema mwalimu, ni wewe. Mwalimu Atuganile akaenda, akakaa, hakusema kitu, na Zamaradi akalia akatoa hofu yote ya siku ile ambayo hata mumewe hakuwa ameambiwa. Akasema mwalimu, ni wewe. Msimlaumu. Ungekuwa wewe ungesemaje?

Arobaini ikafika, siku ya kumtoa mtoto nje. Mkeka ukatandikwa uani, pilau linanukia, na mie nipo mstari wa mbele na kijiko changu. Walimu wakaja, kila mmoja na mfuko. Bi Nuruana akatoa shali ya mtoto, kaidarizi jina: Nuruana. Daktari naye akatoa shali: Kokushubira, limezunguka pembe mbili halijaisha. Mwalimu Atuganile alitaka kuurudisha mfuko wake chini ya khanga, lakini shali ilishachungulia, na herufi zake zinaonekana. Mtoto mmoja, shali tatu, na jua kali.

"Hilo jina lako, mwenzangu," Bi Nuruana akamwambia Daktari, "mtoto atamaliza shule ya msingi hajaliandika lote."

"La kwako fupi," Daktari akamjibu, "ndiyo maana wote uliowazalisha wamelisahau."

Neno lilipiga. Bi Nuruana akaangalia mikono yake. Akasema ni kweli. Amepokea watoto kwenye mvua, kwenye giza, na hakuna hata mmoja mwenye jina lake. Lakini aliyeigusa hatari ile ni mkono, na ule mkono aliuamsha yeye.

Daktari sauti ikamshuka. Akasema yeye mwanawe wa pekee yuko mbali na huku hana mpango wa kurudi, akifa jina lake litabaki kwenye majalada ya vitabu. Lakini mkono ungekwenda kugusa nini kama hakuna aliyeuliza? Wodi nzima ilishajibiwa kwamba ni uchovu.

Mwalimu Atuganile akasubiri wamalize. Yeye hakuzaa. Akasema, "Mngeuliza nini nyie, kama hakuna aliyemsikia?"

Bi Mwanamkuu akatoka na mtoto analia kwenye khanga, akampa Sikitu amshike, achague yeye. Akasema kwao majina hayaunganishwi kama mabomba, na jina la Sikitu lilishakataliwa na mwenyewe, halirudi. Moja tu. Na desturi yao jina halitangazwi kwanza kwa watu, linanong'onezwa sikioni mwa mtoto, mwenye jina alisikie kabla yetu. Likishaingia halitoki.

Sikitu akawatazama walimu wake. Waliokuwa wanakomoana wakawa kama wanafunzi wanaongoja matokeo. Bi Nuruana mikono imekunjamana mapajani. Daktari, kwa mara ya kwanza maishani, hana swali. Mwalimu Atuganile kainamisha sikio. Sikitu akainama, mdomo ukafika kwenye kile kisikio kidogo, na mtoto akaacha kulia.

Mie nilisikia alichonong'ona, nilikuwa karibu na sufuria. Lakini sisemi, leo nimeamua kujifunza kunyamaza. Hahaa!

Semeni nyie. Aliyesikia, aliyeuliza, aliyegusa: mmoja asingekuwepo, Zamaradi tungemzika. Ungekuwa umemshika wewe yule mtoto, na wale watatu wanakuangalia, ungemnong'oneza jina la nani?