Kirukanjia na Mpaka wa Nakijwa

"Kirukanjia akiburura bawa, tazama alipoinuka." Mmemsikia mwenyekiti akimwambia hivyo leo mkutanoni yule bwana aliyekuwa akiwaonyesha kule mbali, mkacheka. Basi kaeni. Ilianza hivi, huku huku kwetu Upare, na Nakijwa ninayemsimulia ndiye aliyemzaa mama yangu.

Nakijwa alifiwa na mumewe. Msimu uliofuata, shemeji yake, Mrutu, akadai kwamba nusu ya shamba la marehemu ni lake. Kwetu mpaka ni masale, mimea ya majani marefu inayopandwa mstari, na kung'oa masale ya mtu ni mwiko. Ila mwaka ule masale ya mpakani hayakuonekana. Shamba lilikuwa hilo moja, na watoto wa kulishwa watatu.

Wazee wakaja kukagua. Mrutu alitangulia, mdomo haupumziki. "Wazee wangu, mpaka ni kule chini kwenye mgunga! Twendeni mkaone."

Wakamfuata. Mara ndege akainuka miguuni pao.

Kirukanjia ni mdogo, rangi yake majani makavu na vumbi. Mchana hulala chini, waweza kumkanyaga usimwone. Giza likiingia ndipo huamka kukamata wadudu. Kiota hajengi. Huyu aliangukia mbele yao akaburura bawa, kumbe mzima. Wazee na mvi zao wakamkimbilia! Wakikaribia, anasogea.

Nakijwa hakukimbia. Alikuwa na uchungu, hana haja na ndege. Aliinama pale ndege alipoinuka. Palikuwa na mayai mawili juu ya majani makavu, na chini ya majani hayo, vishina vya masale vilivyokatwa kwa panga.

"Mzee Mbwambo," akamwita mkubwa wao, "mwacheni huyo. Njooni muone hapa anapowaondoa."

Mbwambo akarudi akihema. Akatazama mayai, akatazama vishina. Mrutu bado alikuwa amenyoosha mkono.

"Mpaka ni kule, mzee wangu. Kwenye mgunga."

"Ndege ana mayai yake," Mbwambo akasema. "Wewe ulikuwa unatuondoa kwenye nini?"

Mrutu akashusha mkono.

Masale yalipandwa upya palepale, Mrutu mwenyewe akichimba mashimo, ila shimo moja lilisubiri makinda waondoke. Nakijwa akalima shamba lake lote, na mama yangu akala akashiba.

Kesho mkirudi mkutanoni, yule bwana akiwaonyesha tena kule mbali kwa bidii, msicheke. Kirukanjia akiburura bawa, tazama alipoinuka.