Kapasita Iliyobaki Mfukoni

Nimetumiwa hii na mtu wa Morogoro, nami nawatumia kama ilivyo. Ukali wa maneno ni wangu, mnisamehe. Kama una haraka, iweke uisome ukitulia, maana si ya kuchekesha.

Alikuwepo mpiga gitaa mmoja, Mrisho, wa pale Mji Mpya. Baba yake, marehemu, naye alikuwa mpiga gitaa, na alimwachia amplifaya ya zamani, zile za valvu. Unaiwasha, unangoja valvu ziwe nyekundu, ndipo sauti inakuja. Nzito hiyo, wanaume wawili waibebe.

Mama yake Mrisho aliugua. Hospitali wakamrudisha nyumbani, na mnajua maana yake. Akawa halali, hali, hasemi. Siku moja akamwita mwanawe.

"Mrisho, ule wimbo alionitungia baba yako. Nataka niusikie kwa mashine yake ile. Mara moja tu, baba, halafu basi."

Mashine ilikuwa haijawashwa miaka kumi na moja. Mrisho akaipakia kwenye mkokoteni mpaka kwa Mzee Mloka, fundi aliyekuwa akizitengeneza mashine za bendi zote za mji tangu Mrisho hajazaliwa.

Akapiga hodi. Kimya. Akapiga tena, akapiga ya tatu, mzee kainamia kazi yake. Mrisho akaingia mwenyewe, akajisemea, wazee hawa wakishika kazi ndio basi tena.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu! Hiyo si ya baba yako hiyo?"

Mrisho akaeleza ugonjwa wa mama na wimbo anaoutaka. Akamalizia, "Mzee wangu, naomba sauti iwe ile ile. Usinibadilishie vitu."

Mzee Mloka akafungua, akachungulia. Sehemu ndogo zilizooza akazitoa, akalehemu nyingine. Ikabaki kapasita moja kubwa, unene wa betri ya tochi. Hiyo ndiyo inayotuliza umeme kabla haujafika kwenye valvu. Ikichoka, spika inanguruma. Ukiidharau, siku moja inapasuka na kuondoka na wenzake.

Akaipima kwa mita, ikasoma vizuri. Lakini mita inaipima ikiwa baridi, na mafundi wa valvu wote wanajua kwamba kapasita ya zamani inaweza kudanganya ikiwa baridi. Ndiyo maana Mzee Mloka alikuwa na desturi yake: anawasha, anaacha ipate moto robo saa, mwenye mashine anapiga gitaa, ndipo anaamua. Ikinguruma inatoka. Isiponguruma inabaki, kwa sababu wapiga gitaa wa zamani wanaapa kwamba kapasita mpya inabadilisha sauti.

Basi akawasha. Robo saa ikapita. Mrisho akapiga waya wa chini.

Ikanguruma. Chini kwa chini, lakini ilinguruma, na Mrisho aliisikia.

Mzee Mloka kaweka kiganja juu ya boksi, macho usoni kwa Mrisho. "Vipi?"

"Safi, mzee."

"Haingurumi?"

Hapo ndipo penye kunitia hasira mimi. Mrisho akajiona anapimwa. Mzee mzima, fundi wa mafundi, aulize kitu anachokisikia mwenyewe? Akaona akisema inanguruma, ataonekana mtoto anayemfundisha baba yake kazi. Akajiambia labda ndivyo zilivyo hizi za zamani, labda mzee karidhika.

"Haingurumi, mzee wangu. Iko safi kabisa."

"Kweli?"

"Kweli tupu."

Mzee akafunga skrubu zote, akampa mkono. "Msalimie mama."

Alasiri ile ile mama akainuliwa, akaegemezwa mito miwili. Majirani wakakaa mlangoni. Mrisho akawasha, akangoja, akaanza. Jamani, mama alifumba macho akatabasamu, wiki tatu hajatabasamu. Akaanza hata kuimba midomo tu, bila sauti.

Hawakufika kiitikio. Mngurumo ulipanda, ukaufunika wimbo, kisha pa! Moshi ukajaa chumbani, harufu mbaya ya kuungua. Kapasita ilikuwa imepasuka, transfoma imeungua nayo, na transfoma ya namna ile kusukwa upya ni wiki nzima.

Mrisho akajaribu kumpigia gitaa kavu, bila mashine. Mama akasikiliza kidogo, akasema, "Acha tu, baba," akageukia ukutani.

Siku ya tatu akafariki.

Msibani Mzee Mloka alikuja na mkewe. Mrisho alikuwa na donge lake rohoni, akashindwa kulimeza. Akamsogelea.

"Mzee, kwa nini uliiacha ile kapasita? Si uliisikia ikinguruma?"

Mzee alikuwa akimtazama midomo.

"Sikuisikia, mwanangu. Masikio yangu yamekufa tangu mwaka juzi. Mke wangu tu ndiye anayejua. Niliogopa mkijua hamtaniletea kazi tena, nikawa natazama nyuso zenu na kuuliza. Ndiyo maana nilikuuliza mara tatu."

Akaingiza mkono mfukoni mwa kanzu, akatoa kapasita kubwa, mpya, ya volti mia tano, waya zake hazijakunjwa.

"Siku ile ilikuwa mezani, karibu na mkono wangu. Ni kazi ya nusu saa. Nilikuwa nangoja useme tu."

Mzee akaanza kulia mbele za watu, mkewe akamshika mkono wakaondoka.

Mashine ilitengenezwa baadaye. Transfoma ilisukwa, ile kapasita ya mfukoni ikafungwa. Wanaoijua wanasema inalia vizuri, haingurumi hata kidogo. Iko sebuleni kwa Mrisho, imefunikwa kitambaa. Ule wimbo hajaupiga tena.

Funzo: Ukiona mkubwa wako anakosea, mwambie kwa adabu, lakini mwambie wakati kosa bado linarekebishika, na wewe mkubwa uliyepungukiwa, sema, maana aibu yako na heshima yetu zikikutana, anayeumia ni mtu wa tatu asiye na kosa.