Pimbi Apata Mlango wa Bure

Hapo zamani za kale, kabla kodi ya nyumba haijazaliwa, wanyama walikuwa wakipika, wakifua na kugombana kama sisi. Sogeeni basi. Wewe mwenye miguu mirefu, ikunje, unampiga mwenzio mgongoni! Chumba cha shangazi yenu mnakijua: ukitaka kufungua kabati lazima mtu ashuke kitandani, na akitaka kushuka kitandani lazima mwingine atoke nje. Msinicheke. Kuna aliyekuwa na chumba kidogo kuliko hiki, naye ni Pimbi.

Pimbi mnamjua? Mnyama mdogo, mnene kidogo, mkia hana, anakaa kwenye majabali. Huyu wetu alikuwa na mke na watoto tele. Wa kwanza aliitwa Chausiku, ndiyo maana wenyewe wakaitana Baba Chausiku na Mama Chausiku. Wa mwisho, Kibwana, alikuwa bado anavaa nepi.

Nyumba yao ilikuwa ufa kwenye jabali. Mbele njia nyembamba, nyuma kauwazi kadogo ka kukaa, na juu tundu la kutolea moshi. Basi. Hakuna sebule wala stoo. Mtu akipiga chafya kule nyuma, wa mbele anajifuta shingo.

"Nyumba hii kila kitu kina kazi mbili," Mama Chausiku alikuwa akisema. "Kisicho na kazi mbili, nje!"

Mkeka ulikuwa kitanda, ukigeuzwa unakuwa meza. Sufuria ilikuwa ya maharage, ikioshwa na kukauka Kibwana analala humo. Mwiba wa nungunungu ulikuwa kitana asubuhi na sindano mchana, na muda uliobaki Mama Chausiku aliuchomeka kichwani usipotee.

"Na mimi je, kazi zangu mbili ni zipi?" Pimbi akauliza.

"Kula," akajibu mkewe, "na kuuliza maswali."

Pimbi akacheka. Alikuwa na tabia hiyo, akitaniwa anacheka kwanza yeye. Lakini siku hizo kicheko chake hakikufika mbali, kwa sababu nyumba ilikosa kitu kimoja kikubwa. Haikuwa na mlango. Masika yalikuwa yanakuja, mvua ingepiga mpaka ndani, na Chui alikwishaonekana akipita polepole mbele ya ule ufa, ananusa, fu, fu, fu, anamtazama Kibwana.

"Baba Chausiku, mlango," mke alisema kila asubuhi.

"Natafuta, mke wangu."

"Unatafuta ukiwa umelala?"

"Ndipo ninapofikiri vizuri."

Siku moja mawingu yakajikusanya, ngurumo zikaanza, gudu gudu gudu! Mara kishindo mlangoni. Yaani pale ambapo mlango ungekuwa.

"Hodi ya asiyengoja kukaribishwa!"

Alikuwa Ngiri. Kichwa kipana, meno yamepinda nje ya mdomo, shingo nene. Ngiri tangu azaliwe hajachimba nyumba yake. Kazi yake ni kuzunguka na kuingia katika mashimo ya wenzake. Shimo lake la mwisho lilikuwa limejaa maji.

"Karibu, Bwana Ngiri," Pimbi akasema. "Karibu kwenye nyumba hii ya aibu. Mimi mwenyewe nikiingia huwa naomba radhi."

"Ina maji?"

"Haina."

"Basi ni yangu. Tokeni!"

Mama Chausiku akaacha kusonga ugali. "Na watoto hawa, Bwana Ngiri? Mvua hiyo hapo. Chui yupo hapo nje. Tutalala wapi?"

"Hilo mlipange ninyi. Mimi nahesabu mpaka nichoke, na mimi huchoka haraka."

Mama Chausiku akalia, na hakuwa anaigiza. Chausiku akambeba Kibwana mgongoni. Pimbi akasimama katikati ya nyumba, yaani katika nyumba nzima, hajui la kufanya.

"Ila sikilizeni," Ngiri akasema, "mtoke kwa upande ule, mnipishe. Mimi naingia kinyumenyume."

"Kinyumenyume?"

"Ukoo wetu ndivyo tunavyoingia nyumbani. Makalio ndani, kichwa nje. Adui akija anakutana na meno. Hatujawahi kuingia kwa uso, na hatutazami nyuma. Kutazama nyuma ni woga."

Pimbi akapima ile njia nyembamba kwa macho. Akampima Ngiri. Akaipima njia tena. Akameza kicheko.

"Bwana Ngiri," akasema kwa unyonge, "mtu kama mimi, hata mkia sina, nitabishana na nani? Nyumba chukua. Ila nina jambo moja la kukueleza, maana sitaki uje useme Pimbi alinidanganya. Jabali hili ni zee. Ukikaa utalisikia nyuma yako linaguna, linanong'ona, mara linakohoa. Usilijali. Ni mawe yanapumua."

"Mimi niogope mawe?"

"Wewe? Thubutu! Anayeogopa mawe ni mimi, na humu ndimo nilimozaliwa."

Wakafungasha. Watoto, mkitaka kujifunza kufungasha, mfunzwe na mtu maskini. Nguo ndani ya sufuria, sufuria ndani ya mkeka, mkeka kichwani kwa baba. Mimi nikisafiri kwenda kwa dada yangu, siku tatu tu, nabeba mpaka kinu, halafu mswaki nasahau. Mama Chausiku hakusahau hata kijiko.

"Kwaheri, nyumba yetu!" Pimbi akalia kwa sauti kubwa. "Kwaheri, jiko! Kwaheri, ufa!"

"Nyamaza, unazidisha," mkewe akanong'ona.

Wakazunguka jabali. Wakapanda juu. Wakashuka kwa tundu la moshi, mmoja mmoja, chu, chu, chu, wakatua kule kwenye kauwazi kao ka nyuma. Safari ikaishia hapo. Sijawahi kusikia safari ya bei nafuu kuliko hiyo.

Na huko mbele? Huko mbele Ngiri alikuwa ameshaingia kinyumenyume, kwichi, akajaza njia yote. Si upepo uliopita, si tone la mvua. Familia nzima ikakaa inatazama makalio mapana, ya moto, yameziba vizuri kabisa.

"Mama Chausiku," Pimbi akanong'ona, "ulitaka mlango."

Mama Chausiku akaziba mdomo kwa mikono yote miwili asije akacheka.

Masika yakaanza, shwaaa! Mvua ilimpiga Ngiri usoni, puani, machoni. Nyuma yake watu walikuwa wanakula maharage ya moto.

"Mbona nyumba yangu inanuka maharage?" Ngiri akauliza.

"Mmmh," Pimbi akaguna kwa sauti nene.

"Ala! Kweli inaguna. Na joto inalo. Nyumba nzuri wewe, ingawa huku mbele unavuja kidogo."

"Mmmh."

Ngiri hakuwa amezoea kujibiwa. Kote alikoingia watu walikimbia, hakubaki wa kuzungumza naye. Basi akaanza kuizungumzisha nyumba. Asubuhi alitoka kuchimbua mizizi, akirudi anaingia kinyumenyume na kuisimulia yote aliyoyaona. Watoto walimpenda. Walimtoa kupe mgongoni, naye akasema, "Hapo hapo, nyumba! Panda juu kidogo!" Mama Chausiku akaanza kumwonea huruma kwa mvua ile ya usoni, ila si huruma ya kumfanya ahame.

Shida ikawa nguo. Nje hapakauki kitu, na Kibwana alikuwa na nepi mbili tu, moja mwilini na moja ikisubiri.

"Nitaanika wapi, jamani?"

Chausiku akanyoosha kidole. Mkia wa Ngiri ulikuwa umesimama wima, karibu na moto, mkavu, hauna kazi.

"Kila kitu kazi mbili, mama," akasema.

Nepi ikaanikwa.

Jioni moja mvua ilinyesha mpaka kukawa giza kabla ya wakati wake. Wakasikia huko mbele: fu, fu, fu.

"Nani?" Ngiri akauliza, na sauti yake ilikuwa nyembamba.

"Mimi Chui. Nasikia harufu ya pimbi. Wadogo. Wanono."

"Humu hamna pimbi. Nimewafukuza mimi mwenyewe!"

"Basi nitakula kilichopo."

Chui akanguruma, rrrraaa! Na Ngiri, yule Ngiri wa kutotazama nyuma, akaanza kurudi nyuma. Taratibu kwanza. Halafu kwa nguvu. Mlango ukawa unaingia ndani! Sufuria ikapinduka. Watoto wakabanwa kwenye jabali, Kibwana akakosa pumzi hata ya kulia.

"Anatuponda, Baba Chausiku! Atatuponda!"

Pimbi akasukuma kwa kichwa, kwa mabega, kwa miguu. Ni sawa na mimi kusukuma lori. "Nyumba!" Ngiri alikuwa analia. "Nifiche, nyumba!"

Mama Chausiku akauchomoa mwiba wa nungunungu kichwani. Kitana asubuhi, sindano mchana. Jioni hiyo akaupa kazi ya tatu.

Chwi!

"UUUUUWIIIII!"

Ngiri akaruka nje kama kizibo, meno mbele, macho yamemtoka. Chui amepigana na wengi, lakini hajawahi kuona jabali likitema ngiri. Akageuka, akakimbia kwenye matope, pwacha pwacha pwacha, na mpaka leo akipita pale anapita kwa mbali.

Ngiri akasimama kwenye mvua anahema. Kisha akajiweka sawa, akarudi kinyumenyume.

"Nyumba, umeniona nilivyomrukia?"

"Mmmh!" wakaguna wote kwa pamoja, na walimaanisha.

"Ila una mwiba mahali, nyumba yangu. Uangalie."

"Mmmh."

Mvua zikapita. Asubuhi ya jua la kwanza Ngiri akatoka mbiombio kwenda bwawani, kujitapa. Wanyama wote walikuwa wanaota jua. Akaingia kwa madaha, mkia juu.

"Mnanitazama nini? Ninyi mmelala kwenye tope, mimi nina nyumba ya jiwe. Chui mwenyewe nimemfukuza!"

Mama Nyani akainamisha kichwa huku, akainamisha kule. "Hongera, Bwana Ngiri. Umejifungua lini?"

"Nini?"

"Au unalea mtoto wa watu?"

Ngiri akageuka kutazama nyuma, kwa mara ya kwanza maishani mwake, lakini akigeuka na mkia unageuka. Akazunguka, akazunguka, wanyama wanakufa kwa kicheko. Mwisho akajitazama kwenye maji ya bwawa. Juu ya mkia wake, nyeupe, imekauka vizuri, inapepea nepi.

Pimbi na familia yake nao walikuwa wamemfuata nyuma nyuma, wamejificha nyuma ya jiwe. Hapo wangeweza kukaa kimya, siri ikabaki siri, hadithi ikaisha na sisi tukala. Pimbi alimshika mkewe mkono. "Mwache aende nayo, nakuomba!"

"Niache! Nepi nilizonazo ni mbili!"

Mama Chausiku akachomoka, Kibwana mgongoni, mbio mpaka katikati ya wanyama. "Samahani jamani, hiyo ni yangu."

Ngiri akamtazama. Akaitazama nepi. Akakumbuka maharage, akakumbuka kupe, akakumbuka mwiba. Shingo ikamvimba, akaanza kuparura ardhi kwa kwato, paru, paru. Pimbi akakimbia akasimama mbele ya mkewe, mdogo, mnene, mkia hana.

"Ukitaka kuponda, niponde mimi," akasema. "Humalizi hata dakika."

Kibwana akachungulia begani mwa mama yake. Akamwona Ngiri kwa mbele, uso ambao hakuwahi kuuona. Akautazama. Kisha akanyoosha shingo, akaona makalio kule nyuma, akayatambua, akapiga makofi kwa furaha.

"Mlango!" akasema. "Mama, mlango wetu!"

Jamani! Tembo aliketi chini kwa kucheka. Na Ngiri? Kwato ikasimama hewani. Mdomo ukamcheza upande mmoja, ukamcheza wa pili, kisha kicheko kikamtoka tumboni, gwa gwa gwa, mpaka machozi.

"Masika yote," akasema, "naitangazia dunia kwamba nina nyumba. Kumbe nyumba ndiyo ilikuwa na mimi!"

Akafuta machozi. "Na aliyenichoma ni nani?"

Mama Chausiku akaufunika mwiba wa kichwani kwa kiganja, taratibu. "Ni mawe, Bwana Ngiri. Yanapumua."

Mwaka uliofuata Ngiri alirudi kabla ya mvua. Safari hiyo alipiga hodi, akangoja. Akaingia kinyumenyume, na sahani yake ya maharage ikawa inatolewa juu kwa tundu la moshi na kuzungushwa mpaka mbele. Na mpaka leo mkimwona ngiri anakimbia, mkia wake uko wima kabisa. Anawaonyesha watu kwamba hajaanikiwa kitu.

Anayempora mdogo nyumba bila kutazama nyuma, huishia kuwa mlango wake.

Haya, hadithi nimeitua hapo, mwenye kuibeba aibebe. Tandikeni mkeka. Wadogo ukutani, wakubwa katikati. Mnauliza shangazi analala wapi? Kwani upepo unaingilia wapi, na mnene humu ndani ni nani? Nisogezeeni mto kule mlangoni, na atakayeona mgongo wangu una nafasi, asithubutu kuanika.