Ajuza wa Moshi

Paukwa!
*Pakawa!*
Moshi?
*Wa jikoni.*
Macho?
*Ya kulilia.*
Masikio?
*Ya kusikilizia.*
Basi yategeni.

Hapo zamani, katika nchi ya Waskoti, nchi ya mawingu na upepo, alikuwako mama mmoja jina lake Moragi. Alikuwa akivuna shayiri katika shamba la Bwana Dugali. Nyumbani alimwacha kichanga kwa bibi yake. Mtoto ananyonya, na maziwa yako shambani, yanamlowesha mama kifua. Mnaiona shida yake?

Saa hawakuwa nayo. Na jua? Wanangu, jua la kule ni mgeni wa heshima: hufika kwa nadra, na likifika halikai. Kwa hiyo Bwana Dugali alitazama ng'ambo ya maji, kwenye mji mkubwa wa mlimani. Wanawake wa mjini wakiwasha moto wa chakula cha jioni, moshi uliufunika mji wote. Hapo Dugali, aliyeuita mji huo Ajuza wa Moshi, alipaza sauti: "Haya, ajuza amewasha kiko chake! Nendeni kwenu."

Lakini msimu ule wanawake walichelewa kuwasha.

"Bwana, mtoto analia," Moragi aliomba.

"Ajuza amewasha?"

"Bado."

"Basi kata shayiri."

Siku ya pili, kata shayiri. Siku ya tatu Moragi akasema, "Bwana, mtoto amelia hadi sauti imemkauka."

"Sote tunamngoja ajuza," alijibu Dugali mbele ya wavunaji wote. "Neno lake ndilo neno langu."

Nanyi mmesikia, sivyo?

Siku ya soko Moragi akavuka maji na kapu la mayai. Akawaambia wanawake wa mjini, "Dada zangu, Bwana Dugali anawaita Ajuza wa Moshi."

"Ajuza nani? Mimi?" akadakia Elspeti muuza samaki, mikono kiunoni. "Mimi mwenye meno yote haya?"

Alikuwa nayo manne.

"Namfuata leo hii!"

"Usimfuate, dada. Dawa ya moto ni moto." Moragi akawaeleza habari za mtoto, kisha akawanong'oneza. Wakacheka mpaka wakashikana mabega.

Kesho yake, mchana mweupe, moshi ukapanda. Mzito! Mweusi! Wa majani mabichi! Wavunaji wakaweka miundu chini.

"Ngojeni!" Dugali akapiga kelele. "Mbona mapema hivi?"

"Uzee huo, bwana," akasema Moragi. "Lakini neno lake si ndilo neno lako?"

Dugali akatazama juu kulitafuta jua. Mawingu matupu. Mchimba kisima huingia mwenyewe. Alipoinamisha kichwa, Moragi alikwisha ondoka, mbio, mbio, mbio. Siku hiyo mtoto alinyonya hadi akasinzia titi mdomoni.

Siku ya pili, moshi. Ya tatu, moshi. Ya nne, Dugali akavuka maji amekunja uso, akasimama sokoni.

"Yuko wapi huyo Ajuza wa Moshi?"

"Ndiye mimi!" akajibu Elspeti.

"Mwongo huyo, ni mimi!" akaitika mwoka mikate.

Hata bi harusi wa juzi akachungulia dirishani: "Mimi hapa, bwana! Umeniletea tumbaku?"

Soko zima likaangua kicheko. Dugali akarudi kwake, na wavunaji wakaendelea kutoka mapema. Jina nalo likabaki mjini. Walilivaa kama kanga mpya, na wanasema hata leo ukilitamka kwa kejeli, madirisha yote yanaitika.

Hadithi imeiva, nimeipakua. Utamu wake chukueni nyinyi. Masizi nimebaki nayo mimi.