Wawili Katika Mkebe Mmoja

Wahenga waliposema kwamba mtaka yote hukosa yote, hawakuwa wanatania. Aliyekuja kuwaamini kwa machozi ni mtafiti mmoja wa wanyama wadogo wa milimani.

Baba yake alijaliwa mabinti watupu, na kila binti alipoolewa alilalamika kwamba jina lake litazikwa naye. Mtafiti huyo, kitinda mimba wake, akamwahidi kwamba akigundua spishi mpya ataipa jina la baba. Mzee alicheka hadi akakohoa, akauliza kama heshima yenyewe ndiyo hiyo, kuitwa jina moja na panya. Hata hivyo, majirani wote alikwisha kuwatangazia.

Siku moja mlimani, ndoo ambayo yeye na mwenzake wa kazi waliifukia ardhini kama mtego ilimnasa kirukanjia, kale kanyama kenye pua ndefu. Huyu hakuna kitabu kilichowahi kumtaja: mdogo kama kidole gumba, mkia mweupe pe. Mtafiti alimtia katika mkebe wenye matundu, wa mwisho waliobaki nao, wakaanza kushuka. Kwenye ndoo ya mwisho wakamkuta mwingine mwenye tumbo la rangi ya dhahabu, naye mgeni kabisa machoni pao.

Mwenzake huyo, mtaalamu wa popo ambaye kazini walimwita Mjomba Popo, alimshika mkono.

"Huyo mwachie, dada. Tumeshajua anakoishi, tutamrudia na mkebe wake. Hawa hawakai wawili, na wewe unawajua kuliko mimi."

"Mmoja ni habari, Mjomba. Wawili ni historia," alijibu. "Nitawatenga kwa majani."

Alijua fika kwamba kirukanjia mwenye njaa hachagui ndugu. Alijua, ila sifa zilikwisha kumpanda kichwani, na safari ya gari ikawa ndefu kuliko alivyodhani.

Maabarani baba, aliyepigiwa simu njiani, alikuwa akisubiri, amevaa koti lake la kwendea harusini, viatu vimepigwa rangi vikang'aa. Mtafiti akafungua mkebe mezani. Majani yalikuwa yametapakaa damu, na juu yake umelala mkia mweupe peke yake. Mwenye tumbo la dhahabu alikuwa akijilamba midomo. Mtafiti aliganda, kifuniko mkononi. Na kabla akili haijamrudia, yule mlaji aliruka mezani, akapenya dirishani, akatokomea.

Mjomba Popo alikimbilia nje, akatambaa nyasini, akarudi mikono mitupu. Wote wawili walijua kwamba bila fuvu wala meno, spishi haiandikishwi.

Mzee alisogea polepole, akachungulia ndani ya mkebe.

"Sasa mimi ndiye yupi hapa, mwanangu?" aliuliza. "Huu mkia?"

Binti alirudisha kifuniko juu ya mkebe. Ama kweli, mtaka yote hukosa yote.